Punguza vitu ndani bila kumjazia bibi stoo kule kijijini

Watu wa Moshi na Arusha tunajuana. Kochi likianza kuchoka hapa mjini hatuliuzi wala hatuligawi, tunasema "hili tutalipeleka nyumbani", ikifika Desemba linapakiwa kwenye kirikuu pamoja na TV ya chogo, godoro lililobonyea katikati na jiko la mafuta ya taa ambalo tambi zake zimeshaisha, safari ya Kibosho, Machame, Marangu au Rombo, vinashushwa sebuleni kwa bibi, alafu sikukuu zikiisha sisi tunageuza magari tunarudi kazini na bibi anabaki na makochi juu ya makochi.

Hili linaniuma kweli ndo maana nimeliweka mwanzo kabisa kabla ya hatua yoyote. Kupeleka kijijini sio kupunguza vitu, ni kuvihamisha. Kule juu kuna unyevu na baridi miezi mingi, godoro lisilolaliwa linaota ukungu, mbao za kabati zinavimba, panya wanapata pa kuzalia, na mzee wa watu anaamka usiku kwenda chooni anapenya katikati ya stuli na meza ambazo hakuziomba. Mzee akijikwaa akavunjika nyonga hilo sio jambo dogo, wengi hawarudi kutembea kama zamani. Kwahiyo kwenye mwongozo huu kijijini haihesabiki kama pa kupeleka vitu, isipokuwa bibi mwenyewe amekuambia kwa mdomo wake kwamba anakihitaji kitu fulani.

Na muulize vizuri, manake wazee wetu hawapendi kukataa. Ukimwambia "bibi shikamoo, nikuletee kabati?" atajibu marahaba mjukuu wangu, lete tu. Muulize hivi: "Bibi, hapo nyumbani unapungukiwa nini?" Mara nyingi atakuambia gamboti, tochi, blanketi moja la maana, au atasema njoo tu tukuone.

Kwanza, jua vitu vitatokea wapi

Watu wengi wanaanza kwa kutoa vitu vyote nje, wanarundika, jioni inaingia, mvua inatishia, wanavirudisha vyote ndani vikiwa vimevurugika kuliko mwanzo. Sababu ni moja, walikua hawajui kitu gani kinaenda kwa nani. Kabla hujashika hata kijiko kaa na simu yako uandike njia za kutokea zilizopo mtaani kwako, na upige simu au upite uulize, hiyo kazi ndo nzito kuliko kupanga.

Hapa Moshi njia ni nyingi. Kuna wanunuzi wa skrepa wanaopita na guta na mizani yao, hao wanachukua chuma, bati, sufuria za alminiamu zilizotoboka, nyaya zenye shaba. Kuna mafundi, na fundi redio au fundi friji atachukua hata kitu kilichokufa kwa ajili ya spea. Seremala anataka mbao. Wauzaji wa mitumba pale Memorial na Kiboriloni baadhi yao wananunua nguo za mtu mmoja mmoja kama ni safi na hazijachanika, ukiwa Arusha ulizia Kilombero. Wanafunzi wa vyuo wanatafuta vitu vya geto. Parokia, usharika na misikiti huwa wanajua familia zenye shida ya kweli, ila wapigie kwanza uwaulize wanahitaji nini mwezi huu, usiende kuwabwagia furushi la nguo zisizo na vifungo mlangoni halafu ukajiona umetoa sadaka. Vituo vya kulelea watoto hivyo hivyo, wengi wana nguo mpaka zimezidi na kinachowakosesha usingizi ni shuka, viatu vya shule na chakula.

Mwisho kabisa ndo gari la taka. Na hili litumike kweli, sio unaenda kumwaga korongoni usiku. Moshi tunajivunia usafi miaka yote na mtaa mzima unajua taka ni za nani.

Chagua siku kwa kuangalia hali ya hewa na kalenda

Muda mzuri huku kwetu ni Januari mwishoni na Februari, kabla masika haijaingia Machi. Jua lipo la kuanika magodoro na mablanketi, vumbi tu ndo utavumilia. Kama imekupita subiri Juni mvua zikishaisha.

Ila kuna sababu nyingine ya Januari ambayo mimi naiona ndo kubwa. Desemba ndo mtihani wa vitu vya nyumba ya Mchaga, na hata asiye Mchaga anayeishi huku. Wageni wamekuja kutoka Dar, watoto wa shangazi wamelala sebuleni, kuna kipaimara, kuna ubarikio, kuna vikao vya ukoo, mbuzi kachinjwa, sufuria zote zimetoka. Sasa kama kitu kimevuka Desemba nzima hakijashikwa, na nyumba ilikuwa imejaa vile, niambie kitashikwa lini? Hapo hakuna haja ya kubishana na nafsi yako. Januari bado unakumbuka nini kilitumika na nini kilisogezwa tu pembeni ili wageni wapite.

Usichukue nyumba nzima kwa siku moja. Jumamosi moja chukua sehemu moja, kabati la jikoni, au chini ya kitanda, au stoo, na uimalize mpaka vitu vya kutoka viwe vimetoka getini siku hiyo hiyo. Kilichobaki kwenye korido mpaka Jumatatu kitarudi ndani, hiyo ni uhakika.

Swali la kukiuliza kila kitu

Ukijiuliza "kuna siku kitafaa?" jibu litakua ndio kwa kila kitu mpaka kifuniko cha kalamu, kwahiyo hilo swali achana nalo. Jiulize: nikikihitaji kesho asubuhi, nitakipata wapi? Kama unaweza kukipata kwa jirani, kwa kukodi, au dukani kwa hela unayoweza kuitoa bila kuumia, basi hakina sababu ya kukaa kwako miaka. Kama kukipata tena ni shida au ni gharama kubwa kweli, kibaki hata kama unakitumia mara moja kwa mwaka. Ngazi ndefu kwa mfano, au mashine ya cherehani ya mama, au neti ya ziada. Mimi siungi mkono wale wanaosema usichokigusa mwaka mzima tupa, kuna vitu huku kwetu havishikwi mwaka mzima na siku ukivihitaji unavihitaji saa hiyo hiyo usiku.

Anza na jikoni

Jikoni ni pazuri kuanzia kwa sababu hakuna majonzi, hamna mtu analia kwa ajili ya kifuniko cha kontena. Toa makontena yote na vifuniko vyote uweke mezani, vioanishe, kisicho na mwenzake kinatoka. Chupa za chai zipime: weka maji yanayochemka, funga, subiri kama nusu saa alafu shika ubavu wa nje. Ukiusikia una joto ujue ile hewa iliyotolewa katikati ya kuta mbili imesharudi, chupa haishiki moto tena na haitengenezeki, itoe. Kuna nyumba nimeona zina chupa sita na inayoshika moto ni moja tu, na bado chai inapoa kwa sababu mtu kakosea kuchagua.

Sufuria za alminiamu zilizotoboka weka upande wa skrepa. Frampeni zile nyeusi zilizochubuka mpaka bati linaonekana zitoe, chakula kinaganda na unazidi kukwangua. Mashine kubwa kama mikrowevu, oveni, blenda yenye jagi lililopasuka, angalia kwanza kama zinawaka. Usimpe mtu kitu kibovu bila kumwambia.

Na kuna rambo. Ile mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku toka tarehe 1 Juni 2019 lakini kuna nyumba mpaka leo ukifungua mlango wa chini wa kabati unakuta rambo limejaa rambo. Ingia nayo kwenye gari la taka, na usiichome jikoni kwa ajili ya kuwashia mkaa, ule moshi unaingia kwenye mapafu ya watoto. Chupa za maji na za soda wape wanaookota plastiki, wanauza kwa kilo na kwao ni hela ya chakula.

Kabati la vioo na vyombo vya shughuli

Hapa nitakaa kidogo manake ndo penye utajiri wote umelala.

Kila sebule ina kabati la vioo, ndani kuna seti ya bilauri za send-off, sahani za udongo zenye maua, hotpoti zenye stika ya bei mpaka leo, na familia inakula kwenye sahani za plastiki zilizokunjamana. Watoto wamekua wameondoka, vyombo vya wageni havijawahi kuliwa na mgeni. Ushauri wangu hapa sio kuuza. Toa zile za plastiki jikoni, alafu shusha za kabatini zianze kutumika leo usiku. Zikivunjika zimevunjika zikiwa zinafanya kazi yake. Hapo umepunguza nusu ya vyombo na umekula vizuri.

Vyombo vya shughuli ni habari nyingine, nazungumzia sufuria kubwa za kupikia watu mia, madishi, masinia, sahani nyingi nyingi, majagi, ndoo za kunawia. Zamani kila boma lilikua na vyake kwa sababu msiba ukitokea huwezi kuanza kutafuta. Siku hizi wa kukodisha maturubai, viti na vyombo wapo kila kata, na bado tunaweka ndani. Kama unavyo na kwako shughuli inatokea mara moja kwa miaka kadhaa, mimi naona sehemu ya kuvipeleka ni kwenye kikundi. Kikundi cha akina mama, jumuiya ya kanisani, au chama cha kufa na kuzikana cha mtaani. Kule vitatumika kila mara na atakuwepo mtu wa kuvitunza.

Ila fanyeni kwa utaratibu. Hesabuni vyombo mbele ya katibu, viandikwe kwenye daftari, viwekwe alama ya rangi chini, na mkubaliane mwanzoni kabisa kama umevitoa moja kwa moja au umeviazimisha, kwa sababu ugomvi wa sufuria unaweza kuvunja ujirani wa miaka. Ukisema umevitoa, umevitoa. Siku ukiwa na shughuli utaviomba kama wanachama wengine wanavyoomba. Kama moyo wako hauko tayari kwa hilo afadhali uviuze.

Nguo, sare na magodoro

Nguo zigawe kwa haraka, usijaribishe moja moja utakesha. Zilizochanika na fulana zilizolegea shingo kata ziwe madekio, usiweke mfuko mzima wa madekio lakini, machache yanatosha. Zilizo nzima fua kwanza, piga pasi, ndo utoe. Mtu anayepokea nguo safi iliyonyooshwa anajiona ameheshimiwa.

Fulana za kipaimara, za misiba, za kampeni na kofia zake, na vitenge vya sare za harusi za watu ambao hata hujui kama bado wapo pamoja, hivi ndo vinajaza masanduku yetu. Fulana zenye picha ya marehemu watu wanaona aibu kuzitoa, na naelewa. Weka moja ya kila mpendwa wako wa karibu, zilizobaki waachie vijana wa shamba na kazi za nje kama familia imeridhia. Kitenge cha sare kina kitambaa kizuri, fundi cherehani anaweza kukigeuza shuka la mtoto, mfuko wa sokoni au foronya.

Magodoro na makochi ya kitambaa yakague kunguni kabla hujampa mtu yeyote. Angalia kwenye mishono na chini ya vitufe, utaona vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu au maganda. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, kwahiyo kusema "hili limekaa stoo toka mwaka jana watakua wameshakufa" usijidanganye. Nguo na shuka zinazostahimili zifue kwa maji ya moto sana, nyuzi 60 hivi. Godoro lenye kunguni usimgawie mtu hata akikuomba kwa machozi, utakua umempa shida ya nyumba nzima.

Vya umeme na vitu vya hatari

TV za chogo zilianza kusukumwa pembeni miaka ile tulivyohama analogia, Dar ilizimwa mwisho wa 2012 na huku kwetu ikafuata 2013, watu wakanunua ving'amuzi alafu baadae flati. Chogo lenyewe likabaki limefunikwa kitambaa cha kudarizi. Kama inawaka mtafute mtu mwenye kibanda cha kuonyeshea video au fundi. Kama imekufa mpe fundi nzima nzima, usiipasue mwenyewe. Ule mtungi wa kioo ndani hauna hewa, ukipasuka vioo vinaruka, na kioo chenyewe kina madini ya risasi ambayo sio ya kuachwa kwenye udongo wanapochezea watoto. Pia ndani unabaki umeme hata baada ya kuchomoa waya.

Friji lililokufa msiliache nje ya nyumba kama kabati la kuku. Ng'oa mlango siku hiyo hiyo. Mtoto akijificha ndani mlango ukajifunga hewa inaisha na sauti haitoki nje, hili naomba sana mlichukulie kwa uzito. Fundi friji atanunua kompresa.

Simu za zamani zipo kwenye kila droo. Chaji, hamisha picha, toka kwenye akaunti zako zote, toa laini na kadi ya kumbukumbu, alafu futa kila kitu irudi kama ilivyotoka kiwandani, ndo umpe mtu au uuze. Laini yako imesajiliwa kwa alama zako za vidole, ukiiacha ndani ya simu uliyouza na ikatumika vibaya utatafutwa wewe. Betri iliyovimba usiitoboe wala usiichaji tena, inaweza kulipuka moto, iweke kwenye kopo lenye mchanga mkavu mpaka umfikishie fundi simu.

Betri za gari na za sola zina risasi na tindikali, wanunuzi wake wapo na wanalipa, kinachokatazwa ni kumwaga ile tindikali kwenye migomba ili upunguze uzito wa kubeba.

Na sasa stoo ya babu. Familia zilizolima kahawa huwa kuna kona yenye chupa na madumu ya dawa za zamani, mengine lebo imefutika, kuna bomba la kupulizia limekaa na dawa ndani. Hapo weka watoto mbali, vaa glovu, usichanganye dawa mbili, usimwage kwenye mfereji kwa sababu maji ya mfereji yanashuka kwa wenzako. Mwite afisa kilimo wa kata aje aone. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yake makuu yako hapo Arusha, kwahiyo huku kaskazini hatuna kisingizio cha kusema hakuna wa kumuuliza. Na dumu lililowahi kuwa na dawa ya kahawa halifai tena kwa maji, kwa maziwa wala kwa mbege, hata likioshwa vipi. Toboa ili asije mtu akaliokota.

Dawa za binadamu zilizopita muda au zilizobaki nusu dozi usizipeleke kwa jirani anayekohoa. Waulize dispensari au duka la dawa unalolijua namna ya kuziteketeza.

Mabaki ya ujenzi

Hapa nitapita haraka. Baki na vigae vichache vya kila aina uliyotumia, na kopo dogo la rangi lililoandikwa ni la chumba gani, basi. Saruji iliyoganda kwenye mfuko haifufuki, na hata ile ya unga ikishakaa miezi mitatu kwenye unyevu nguvu imepungua, usijengee nguzo. Nondo, mbao na mabati kama huna ujenzi mwaka huu kuna jirani anajenga, muuzie bei nafuu akiwa anayahitaji.

Makaratasi

Tenga bahasha moja ngumu: vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, vyeti vya shule, hati au mkataba wa kiwanja pamoja na risiti zake, kadi ya gari, kitambulisho cha NIDA, makaratasi ya bima. Hivyo vya mauziano ya kiwanja vilivyoandikwa kwa mkono mbele ya mwenyekiti wa kijiji mwaka elfu moja mia tisa na kitu, hata kama karatasi imechakaa, usithubutu kuitupa, ipige picha na uitunze kwenye plastiki ngumu. Mashauri mengi ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, yameamuliwa na karatasi kama hizo. Ukiwa na biashara makaratasi ya kodi yakae angalau miaka 5.

Risiti za luku, bili za maji za zamani zilizolipwa, kadi za michango na za mialiko zinaweza kwenda. Lakini chochote chenye jina lako, namba ya akaunti au ya simu kichanechane au kichome, usimpe muuza karanga. Mtu anakula karanga stendi huku anasoma salio lako la benki.

Vitabu vya shule viangalie mtaala, ule mpya ulianza kuingia kwa awamu 2024, kwahiyo vya kiada vya zamani muulize mwalimu kwanza. Kamusi, vitabu vya hadithi na atlasi bado vina kazi, maktaba ya shule ya msingi ya mtaani watafurahi.

Vitu ambavyo sio vyako peke yako

Usitoe kitu cha mumeo au cha mkeo akiwa kazini, hata kama ni bovu na linakera. Mngoje, mkae, muamue pamoja. Watoto waliohama waandikie kwenye grupu la familia, weka picha ya sanduku na tarehe ya mwisho ya kuja kuchukua, wape mwezi mzima na uwakumbushe.

Vya marehemu msiviguse kabla kikao cha familia hakijakaa. Kibuyu, mkuki, kiti cha babu, kata ya kunywea mbege, hivi kwa mgeni ni takataka lakini kwenye ukoo vina mwenyewe, na kuna mtu anatakiwa avirithi. Ulizia kwa wazee. Zile picha za zamani zipigwe picha kwa simu zisambazwe kwa wote, na nyuma ya kila moja andikeni majina wakati bibi bado anawakumbuka waliomo, hiyo fanya mwaka huu.

Kuuza bila kuibiwa

Piga picha mchana, nje, kitu kikiwa kimefutwa vumbi, onyesha na pale kilipopasuka. Bei usiifuate uliyonunulia, angalia kipya kinauzwa ngapi leo dukani, anzia nusu, wiki ikipita bila mtu shusha. Weka stetasi, grupu la mtaa, mtandao wa kuuzia vitu wa Jiji, au mpe dalali ila mkubaliane asilimia yake kabla. Vitanda vya futi tatu na nusu, meza ndogo, majiko ya gesi na feni vinatoka haraka Oktoba na Novemba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi (MoCU) na vyuo vingine wanapofungua.

Mnunuzi akikuambia ametuma hela usiangalie meseji, angalia salio. Meseji za uongo zinafanana kabisa na za kweli. Mkutane mchana sehemu yenye watu, kwa vitu vikubwa awepo mtu mwingine nyumbani. Na kwa simu, TV, friji au kompyuta mwandikie karatasi fupi ya mauziano, jina lako, lake, namba ya kitambulisho, namba ya kifaa, tarehe, mnasaini wote, kila mtu anabaki na yake. Simu ukipiga *#06# namba yake inatokea. Hiyo karatasi inamsaidia kijana wa watu asikamatwe njiani akiwa amebeba TV begani bila maelezo, na ukiweza mjulishe balozi au mwenyekiti wa mtaa kwamba kitu kimeuzwa.

Visirudi

Vitu vingi vinaingia ndani kama zawadi, na sisi ndo tunaozitoa. Ukialikwa kwenye kipaimara au send-off uliza kamati kama wana orodha, kama hamna peleka bahasha, au mfuko wa mchele, au mbuzi mkichangiana. Ukiwa wewe ndo mwenye shughuli mwambie mwenyekiti wa kamati mapema kwamba hotpoti na mablanketi mnayo, na mshereheshaji atangaze kwa adabu. Watu hawakasiriki, wengi walikua wanahangaika dukani hawajui wakuletee nini.

Mama mkwe akileta kitu, kipokee kwa mikono miwili na ukitumie mbele yake. Miezi ikipita kama hakikufai kwenye nyumba yako mwambie mwenyewe kabla hujampa mtu: "Mama, lile kapeti ulilotupa limekua kubwa kwa chumba chetu, na kuna binti wa jumuiya anaolewa hana kitu, naomba baraka zako nimpe." Sijaona mama aliyekataa akiombwa hivyo, na wengine wanataka waende wenyewe kulikabidhi, muachie alipeleke.